Mwanafunzi amejibu "ng'ombe": nani hasa anayeishikilia Serengeti?

#1 MwalimuWaMugumu
Habari za jioni, wanajukwaa. Nina karatasi mbele yangu ambayo nimeisoma mara nne bila kuipa alama, na ninaomba msaada wenu.

Kila mwisho wa muhula huwa ninatunga jaribio fupi la Kiswahili kwa ajili ya klabu ya mazingira ya shule yetu. Safari hii swali la mwisho, lenye alama nne, lilisomeka hivi: "Taja mnyama mmoja ambaye akiondolewa, mfumo mzima wa ikolojia wa Serengeti utabadilika, kisha eleza sababu." Katika mwongozo wangu wa kusahihishia niliandika majibu mawili tu, tembo na nyumbu. Wengi wamejibu simba, kwa sababu ambazo kila mtu anazijua. Lakini mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, mtoto wa mfugaji, ameandika: "Ng'ombe, ila awe amechanjwa." Maelezo yake ni kwamba ugonjwa wa sotoka ulitoka kwa ng'ombe ukawamaliza nyumbu, ng'ombe walipochanjwa nyumbu wakaongezeka, nyumbu wakazila nyasi, moto ukakosa cha kuunguza, miti ikaota. Amemalizia kwa kusema kwamba anayeishikilia Serengeti hayuko Serengeti, yuko zizini.

Je, nimpe zote nne, au nimpe sifuri kwa kuwa ng'ombe haruhusiwi hata kukanyaga ndani ya hifadhi?

#2 KaraniMstaarabu
Swali lilitaka mnyama. Ng'ombe ni mnyama. Mpe alama zake ukalale.

#3 Mwanaikolojia_Moro
Mwalimu, kabla ya kugawa alama tukubaliane kwanza juu ya kinachoulizwa. Wazo hili la spishi moja kuushikilia mfumo mzima lilianzia kwenye pwani ya jimbo la Washington, Marekani, ambako mwaka 1963 Robert Paine alianza kuwabandua viti vya pweza (wanyama wa baharini wenye umbo la nyota) kutoka kwenye kipande kimoja cha mwamba na kuwatupa baharini kwa mkono, huku kipande cha jirani akikiacha kama kilivyo. Kiti cha pweza wa pale hula kome. Alipoondolewa, kome walienea wakawabana wenzao, na spishi 15 zilizokuwa zikiishi mwambani zikabaki 8. Jina lenyewe, kwa Kiingereza "keystone species", alilitoa mwaka 1969, akimlinganisha mnyama huyo na jiwe la juu ya tao, lile ambalo likichomolewa tao zima hushuka.

Ninachosisitiza ni kwamba viti vya pweza hawakuwa wengi kuliko wengine pale mwambani. Mwaka 1996 wanaikolojia kadhaa waliliweka sawa jambo hili: spishi huingia katika kundi hilo pale tu ambapo athari yake inazidi mno wingi wake. Kwa kipimo hicho nyumbu anaanguka mtihani. Wanyama zaidi ya milioni moja wakishinda wanakula nyasi kwa pamoja, si muujiza nyasi zikipungua. Huyo anatawala kwa wingi wake tu. Kwa hiyo nyumbu wa mwongozo wako hana haki kubwa kuliko ng'ombe wa mwanafunzi wako.

#4 MwanaVuga
Nami nina neno kuhusu jina. Nimesoma mahali pengi watu wakiandika "spishi tegemezi", na kila nikiliona ninashtuka. Tegemezi ni yule anayetegemea wengine, kama mtoto asiyeweza kujilisha. Tunayemzungumzia hapa ni tegemeo, yaani mhimili. Tuseme spishi mhimili, na tembo asiandikwe kama mtu anayeomba msaada wa nauli.

Kuhusu tao, nimekulia Mji Mkongwe na nimewatazama mafundi wakilijenga. Kwanza husimamisha kiunzi cha mbao, kisha hupandisha mawe kutoka pande zote mbili, na la mwisho hupigwa katikati kama kabari. Kiunzi kikiondolewa ndipo mawe yanapoanza kukazana. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba jiwe lile la juu halibebi mzigo mkubwa kuliko mengine. Mawe ya chini ndiyo yanayoelemewa. Lenyewe limeshikwa na wenzake kama linavyowashika. Kwa hiyo hata mfano wa Paine hausemi kwamba mmoja anawabeba wote.

#5 KaraniMstaarabu
Sisi wa bara hatuna matao, tuna mafiga. Jifya moja haliinjiki chungu.

#6 MwanaVuga
Ndugu Karani, hapo umeleta mfano wa kitu kingine. Mafiga yako matatu ni sawasawa, na ukitoa lolote kati yao chungu kinamwagika. Swali la Mwalimu linadai kwamba liko moja lenye uzito wa pekee. Kama Serengeti ni jiko la mafiga, basi swali lenyewe limekosewa.

#7 DaktariMstaafu
Ninamsalimu Mwalimu, na zaidi mwanafunzi wake. Nimefanya kazi ya chanjo ya mifugo kwa miaka 31 hadi nilipostaafu, na sijawahi kuona jibu la mtoto lililonifurahisha kama hili. Mniruhusu niseme kwa urefu.

Sotoka haikuwa ya kwetu. Iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli, na ilipofika mwaka 1897 ilikwisha kuenea hadi kusini mwa bara. Katika sehemu nyingi ng'ombe tisa kati ya kumi walikufa. Wamaasai wanakiita kipindi kile Emutai, na njaa iliyofuata ilimaliza watu. Porini iliwaua nyati, nyumbu na twiga. Baada ya wimbi la kwanza haikuondoka, bali ilibaki ikinyemelea. Ndama wa nyumbu alikingwa na maziwa ya mama yake kwa miezi kadhaa, kisha kinga ile ilipokwisha, akiwa na umri wa miezi kama saba, alikufa. Walinzi wa hifadhi waliona ndama wakipukutika namna hiyo mwaka baada ya mwaka.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ng'ombe wanaoizunguka Serengeti walichanjwa. Hakuna nyumbu hata mmoja aliyedungwa sindano. Hata hivyo, ilipofika mwaka 1963 ndama wa nyumbu walikuwa hawana tena dalili ya kukutana na virusi hivyo. Wengi wetu tulikuwa tumefundishwa kwamba wanyamapori ndio wanaowaambukiza ng'ombe. Ikawa kinyume: ugonjwa ulishindwa kujitegemea porini mara ulipokatiwa njia ya zizini. Nyumbu waliokuwa takriban 260,000 mwaka 1961 walizidi milioni 1.3 ilipofika 1977. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani kote, ugonjwa wa pili katika historia kufutwa baada ya ndui ya binadamu.

Mtoto yule amesema kweli. Mhimili ulikuwa zizini.

#8 MvuaYaVuli
Shikamoo, Daktari. Simulizi yako ni nzuri lakini imeruka kipande. Miaka ya 1971 hadi 1976 kiangazi cha Serengeti kilipata mvua nyingi kuliko kawaida. Nyumbu hufa zaidi kiangazi, kwa njaa, nyasi zinapokuwa mabua matupu. Mvua ikinyesha wakati ule, chakula kinakuwapo na vifo vinapungua. Kwa hiyo hao milioni 1.3 hawakuletwa na sindano peke yake. Mimi ningempa mwanafunzi alama mbili, na mbili nyingine ningewapa mawingu.

#9 DaktariMstaafu
Marahaba. Mvua siikatai, imesaidia katika nusu ya pili. Lakini mtazame pundamilia. Yeye hanyeshewi na mvua nyingine, na anatembea njia zilezile na nyumbu. Hata hivyo, wakati nyumbu na nyati wakiongezeka maradufu, pundamilia walibaki karibu 200,000 tu. Tofauti ni ipi? Nyumbu na nyati hucheua, na sotoka huwashika wanaocheua. Pundamilia hacheui na hashikwi. Kama mvua ndiyo iliyofanya kazi yote, mbona ilimbagua?

#10 Mwanaikolojia_Moro
Hoja ya pundamilia ni kali, ila ina mguu mmoja mfupi. Idadi yao huzuiwa zaidi na simba na fisi wanaokamata watoto wao. Mnyama ambaye watoto wake wanaliwa namna hiyo anaweza kushindwa kuongezeka hata malisho yakifurika. Nyumbu hukwepa tatizo hilo kwa kuzaa karibu wote kwa pamoja, ndani ya wiki mbili tatu, kule kwenye nyanda za Ndutu, kusini mwa Serengeti, hadi fisi wakashiba wakashindwa. Kwa hiyo pundamilia hathibitishi peke yake kwamba mvua haikuhusika.

#11 KaraniMstaarabu
Sasa naona fisi naye ameanza kudai alama.

#12 DerevaWaSeronera
Wakuu, mimi si msomi, lakini nimeendesha wageni Serengeti kwa miaka 22, na kwa hiyo niseme nilichokiona kwa macho.

Ziko sehemu kati ya Seronera na kaskazini ambazo nilipoanza kazi ulikuwa ukisimama juu ya kiti unamwona simba aliyelala kilomita moja mbele. Leo migunga imesimama pale kama shamba la mikonge, na mgeni anaondoka hajamwona simba aliye hatua 30 kutoka kwenye gari. Wazee walionifundisha kazi walisema kwamba enzi zao moto ulikuwa unakwenda siku nzima bila kukutana na kizuizi. Nyasi ziliachwa zikakomaa hadi kifuani, na moto wa nyasi kama hizo hupika miche ya miti hadi mizizini. Nyumbu walipokuwa wengi, nyasi zikabaki fupi, moto ukawa unatambaa na kujizimia wenyewe. Katika hilo mtoto wa Mwalimu hajakosea hata nukta.

Ila amemsahau tembo. Miaka ya 1970 na 1980 majangili waliwaua tembo wengi wa upande wetu, na waliosalia wakahamia Mara kwa majirani zetu wa Kenya, kwenye usalama zaidi. Upande wetu miti ikarudi. Upande wa Mara, ambako nyumbu ni walewale na nyasi wanakula vilevile, miti haikurudi, kwa sababu tembo walikuwa wanang'oa kila mche unaochungulia. Mto ni mmoja, nyumbu ni mmoja, na ng'ombe wa pande zote walichanjwa.

#13 Mwanaikolojia_Moro
Dereva, umesema huna usomi kisha ukaeleza kitu kilichowasumbua wasomi kwa miaka. Mwaka 1990 ilielezwa kwamba moto ndio ulioweza kugeuza pori la Mara kuwa nyika katika miaka ya 1960, lakini tembo ndio walioweza kuizuia nyika hiyo isirudi kuwa pori katika miaka ya 1980. Aliyeangusha nyumba si yule anayezuia isijengwe tena. Na kama ni hivyo, kumwuliza mtoto "mnyama gani akiondolewa" hakutoshi. Ni lazima tumwambie pia ni mwaka gani na ni upande gani wa mpaka.

#14 Nyokabi_Nanyuki
Hamjambo kutoka Laikipia, Kenya. Mnabishana kuhusu wakubwa tu. Huku kwetu aliyepindua mambo ni mdudu anayekaa juu ya kucha yako.

Kwenye udongo mweusi wa huku kuna migunga mifupi yenye vinundu vilivyovimba kwenye miiba. Vinundu hivyo vina matundu, na upepo ukipita hupiga mluzi. Ndani yake wanaishi sisimizi. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tukigusa tawi kwa fimbo na kukimbia, kwa sababu ndani ya sekunde chache tawi zima linakuwa limefunikwa na sisimizi walioinua mikia. Tembo akiingiza mkonga pale anajuta, na ndiyo maana huiacha miti hiyo akaenda kula mingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaingia sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, ambao inaaminika asili yao ni kisiwa cha Bahari ya Hindi. Hao huwaua sisimizi wenyeji na watoto wao, lakini wao hawaulindi mti. Ukigusa tawi leo, hakuna anayetoka.

Matokeo yake yalichapishwa Januari 2024, kutokana na kazi iliyofanywa katika hifadhi ya Ol Pejeta, hapa Laikipia: mahali walipoingia wageni hao, tembo huvunja miti mara tano hadi saba zaidi. Miti ikipungua, simba anakosa pa kujificha, na pundamilia anamwona kutoka mbali. Mwaka 2003 pundamilia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba. Mwaka 2020 walikuwa asilimia 42, na nyati waliokuwa hawauawi kabisa wakafika asilimia 42 nao. Idadi ya simba wenyewe haikupungua. Mwalimu, ungekuwa umetunga swali lako Laikipia, jibu sahihi lingekuwa sisimizi, na tembo angekuwa nyundo tu mkononi mwake.

#15 KaraniMstaarabu
Dada Nyokabi, nimeacha kuukejeli uzi huu kuanzia sasa. Nyati asilimia 42 kwa sababu ya sisimizi!

#16 DaktariMstaafu
Ninaomba kuuliza. Simba alipohamia kwa nyati, idadi yake haikuyumba. Je, hapo jengo lilianguka, au lilibadilisha mlango tu?

#17 Nyokabi_Nanyuki
Shikamoo, Daktari. Miti ndiyo iliyoanguka, hilo ninaliona nikienda sokoni. Kwa simba, sina budi kukubali kwamba alibadilisha mlango. Lakini kumwangusha nyati si kama kumwangusha pundamilia; nyati huua simba. Mlango huo una gharama, na hesabu yake bado haijafungwa.

#18 MvuviWaShimoni
Assalam aleikum. Nami niliyezaliwa baharini nina la kuchangia, maana nimeona viti vya pweza vimetajwa.

Yuko samaki tunayemwita kikande. Ngozi yake ni ngumu kama ya kiatu, tunamchuna kabla ya kumpika, na meno yake yakikukamata kidole unapomtoa kwenye dema, yaani mtego wa samaki, utamkumbuka mwaka mzima. Kazi yake baharini ni kuwavunja wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi inayovunjikia mguuni. Nimemwona kwa macho yangu akimpulizia maji hadi anampindua, kisha akamvunja upande wa mdomo ambako miiba ni mifupi. Kikande huingia demani kwa urahisi sana, na ndiyo maana tulimmaliza mapema. Alipopungua, wenye miiba wakajaa hadi hujui pa kuweka unyayo, na kwa kuwa hukwangua mwamba wanapokula, matumbawe yalichakaa. Ndani ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizowekwa mwaka 1968, kikande yupo na wenye miiba ni wachache. Wataalamu wamezipima sehemu hizo miaka mingi na wamesema vivyo hivyo.

Wala sisi hatukumjali kikande. Bei yake ilikuwa ya mwisho sokoni. Hakuna mzee aliyepata kusema, "Huyu muacheni, ndiye anayeishikilia bahari."

#19 Mwanaikolojia_Moro
Huyu ndiye anayefanana kabisa na kiti cha pweza wa Paine: hana wingi, hana thamani sokoni, na akiondoka mwamba mzima unabadilika sura. Mvuvi, ahsante. Kama kuna anayetaka mfano usio na ubishi, achukue kikande.

#20 MvuviWaShimoni
Ubishi upo, ndugu yangu. Joto la mwaka 1998 lilipopausha matumbawe, ndani na nje ya hifadhi yalikufa pia, na kikande alikuwapo hifadhini akitazama.

#21 BintiWaMalambo
Ninawasalimu nyote. Nimesoma hadi hapa nikaona ng'ombe ametajwa mara nyingi, lakini mwenye ng'ombe ametajwa mara moja, tena kama mzazi wa mwanafunzi.

Kwetu Malambo, nyumbu wanaposhuka kuzaa, kati ya Januari na Machi, nyanda zinakuwa na nyasi bora kuliko wakati wowote wa mwaka, fupi, laini, zenye chumvi. Na ni wakati huohuo ambapo baba yangu alikuwa akituamuru tuwahamishe ng'ombe kwenda juu, kwenye nyasi mbaya. Sababu ni ugonjwa wa nyumbu: ng'ombe akichanganyika nao wakati wa kuzaa, macho yanageuka meupe, pua inafunga, na hakuna dawa. Niliwahi kumsindikiza mama kumtazama mtamba wake wa pekee aliyebaki nyuma siku mbili tu. Alikuwa amesimama ameelekeza uso kwenye jua bila kupepesa, maana alikuwa haoni tena.

Kwa hiyo nyumbu ndiye anayempangia mfugaji ratiba. Halafu mfugaji naye, akiondoka, huziacha nyanda kwa nyumbu zikiwa katika ubora wake. Mkitafuta mhimili, msimtafute mnyama. Utafuteni mpango huo wa kupishana.

Ongezeeni na kreta ya Ngorongoro. Wafugaji waliondolewa ndani yake mwaka 1974. Ng'ombe hawakuwapo tena kula nyasi, na moto wa wafugaji haukuwashwa tena. Nyasi zikarefuka, nyumbu wakapungua, nyati wakaongezeka. Hakuna aliyewaondoa nyumbu. Aliondolewa ng'ombe pamoja na mwenye kiberiti.

#22 DaktariMstaafu
Binti yangu, pole kwa mtamba wa mama. Nirekebishe jambo dogo ambalo wafugaji wengi huniambia. Wazee husema ugonjwa ule unatoka kwenye kondo la nyuma la nyumbu. Virusi hasa hutoka puani na machoni mwa ndama wachanga katika miezi yao ya mwanzo, na nyumbu mwenyewe haumwi. Lakini amri ya baba yako ilikuwa sahihi kabisa, hata kama sababu aliyoitoa ilikosea hatua tano.

Na nijirekebishe mimi pia. Nilipotaja chanjo ya sotoka sikutofautisha. Kampeni za mwanzo zilitumia virusi vilivyodhoofishwa kwa kupitishwa kwa mbuzi. Chanjo bora zaidi, ya Walter Plowright na wenzake, ilikuja baadaye kutoka maabara ya Muguga, karibu na Nairobi. Plowright huyohuyo ndiye aliyevitenga virusi vya ugonjwa wa nyumbu, huko huko Muguga. Mtu mmoja aligusa ncha zote mbili za kamba hii.

#23 Byaruhanga_Kasese
Salamu kutoka Uganda. Ninauliza tu: mbona kila mfano wenu unahusu mnyama ambaye akiondoka mambo yanaharibika? Kwetu, katika hifadhi ya Queen Elizabeth, viboko walikuwa wengi hadi ardhi ya rasi ya Mweya ikabaki vumbi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 waliondolewa pale kwa bunduki. Nyasi zilirudi, na nyati na tembo wakaongezeka. Kiboko alipoondolewa, mfumo mzima ulibadilika, sawasawa na lugha ya swali la Mwalimu. Sasa huyo tumwite mhimili au mzigo?

#24 Mwanaikolojia_Moro
Byaruhanga, umegusa kidonda. Ufafanuzi unazungumzia ukubwa wa athari, hausemi kama tutaipenda. Mwaka 1993 walikuwapo waliopendekeza neno lenyewe liachwe kwa kuwa kila mtu analivuta upande wake. Mimi bado ninalitumia, kwa tahadhari.

#25 JivuLaKerimasi
Nimekaa kimya kwa makusudi nione kama yupo atakayetazama chini. Hayupo.

Ndugu zangu, nyumbu haendi Ndutu kwa sababu anaipenda. Udongo wa nyanda zile ni jivu la volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, pamoja na Kerimasi na Oldoinyo Lengai, jivu lililopeperushwa na upepo kwa maelfu ya miaka. Lina kalisi na fosforasi nyingi, ambazo nyumbu anayenyonyesha anazihitaji kuliko maji. Chini kidogo pana tabaka gumu kama saruji, ambalo mizizi ya miti hailipenyi. Ndiyo maana pale pana nyasi fupi, bila tembo, bila moto, na bila chanjo. Nimewahi kuchimba shimo la nguzo upande ule, na sururu ilirudi mikononi kana kwamba nimepiga reli. Ondoa jivu hilo, na uhamaji wote mnaousifu hauna pa kwenda.

#26 DerevaWaSeronera
Mzee Jivu, umesema kweli, lakini Mwalimu aliuliza mnyama. Na tena, nyumbu naye husafirisha udongo wako. Simameni ukingo wa Mto Mara mwezi wa nane baada ya mkanyagano wa kuvuka. Kwa wastani hufa maji nyumbu wapatao 6,250 kwa mwaka, zaidi ya tani 1,000 za nyama na mifupa. Wageni huwapiga picha mamba. Mimi huwaonyesha tumbusi na makorongo waliosimama juu ya mizoga iliyovimba, na samaki wanaokula kutoka chini. Nyama huisha kwa wiki chache. Mifupa huchukua miaka saba kuyeyuka, na hiyo ndiyo fosforasi yako, ikishuka taratibu kuelekea Ziwa Viktoria.

#27 JivuLaKerimasi
Basi tukubaliane kwamba nyumbu ni tarishi wa jivu.

#28 MvuaYaVuli
Tarishi ambaye ratiba yake inapangwa na mvua.

#29 MwanaVuga
Na sasa hivi Binti wa Malambo alisema ratiba ya mfugaji inapangwa na nyumbu. Mwalimu, umepata jibu? Sisi tumepata matarishi.

#30 MwalimuWaMugumu
Ninawashukuru nyote, sikutegemea karatasi moja ya kidato cha pili ingefika hadi Shimoni na Kasese. Nimeurekebisha mwongozo wangu: nimeandika kwamba jibu lolote litapokelewa mradi mwanafunzi aonyeshe njia kutoka kwa mnyama hadi kwenye nyasi au miti, bila kuruka hatua. Waliojibu simba nimewasoma upya, na wawili wamepanda.

Huyu wa ng'ombe nimempa alama tatu. Ya nne nimeizuia kwa sababu, mwishoni kabisa mwa karatasi, ameandika kwamba chanjo ya Plowright ilitengenezwa Mugumu. Nimemwita nikamweleza kwamba ni Muguga, Kenya, si Mugumu kwetu. Amekataa. Anasema babu yake alikuwapo.

#31 DaktariMstaafu
Mwalimu, mrudishie mtoto alama yake. Mimi mwenyewe barua niliyoituma Muguga ilizunguka mwezi mzima, ikarudi kwangu ikiwa na muhuri wa Mugumu. Na huyo babu, kama bado yu hai, ninaomba umwulize chanjo anayoikumbuka ilikuwa ya miaka ipi, maana ile ya mbuzi ilipita huko kabla ya yangu.